R ya Reine

Haya yametokea nyumbani kwetu, Kabuta, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, mwezi wa nane, mchana kweupe. Kwa hiyo asinijie mtu na maneno ya ndoto.

Tantine Mathilde, dada ya baba, anafundisha watoto wadogo wa Wakongomani wanaouza samaki. Ukutani alikuwa na karatasi ya herufi, ya msaada. A ya apple. I ya igloo, nyumba ya barafu! X ya xylophone! Nauliza, waheshimiwa: nani Kabuta amewahi kuona xylophone? Watoto hawa wanajua kuparua samaki kabla hawajajua kufunga viatu, halafu tunawapa barafu. Mimi niko mwaka wa tatu chuoni Lusaka, na kwenye mjadala sijawahi kushindwa. Nikaing'oa.

Nilihitaji ubao. Ufukweni kulikuwa na bwato, yaani mtumbwi wa mbao, la Ruffin, mvuvi aliyezama mwezi wa tano na mwili wake haukuonekana. Kwetu bwato la mtu wa namna hiyo haliguswi. Linaachwa lioze, kwani bado ni lake. Nikasema huo ni upumbavu, mbao nzuri kama zile. Patson, mdogo wake Ruffin, alinikuta nikipasua.

"Dada Vicky, acha. Mwenyewe hayarudi bado."

"Akirudi, mwambie akuje darasani!"

Wavuvi wawili walicheka. Patson hakucheka.

Darasani, mimi na watoto tukazipaka rangi, kila ubao herufi yake. C ya chisense, wale samaki wetu wadogo. M ya mamba. N ya nyavu. Reine, binti wa tantine, miaka mitano, akanivuta sketi. "Na miye?"

Nikaandika: R ya Reine.

Asubuhi mbao zote zilikuwa kavu. Ile ya R ilikuwa ikichuruzika maji.

Paa linavuja, nikasema, nikapangusa. Mwezi wa nane hakuna mvua.

Siku hiyohiyo Reine akaanza kukohoa. Alikohoa maji. Kliniki wakapima malaria, hakuna. Siku ya tatu midomo ilikuwa imegeuka rangi, nywele zimelowa, na shuka lilinuka ziwa. Nikainama. Akaninong'oneza:

"Kule chini kuko baridi. Anasema nisogee, kuko nafasi."

Nikachukua kisu jikoni.

Nilikimbia nacho darasani, kwenye ubao wa R. Nikakwangua jina lote. Mimi na Patson tukabeba mbao, tukazirudisha juu ya bwato, moja moja. Patson akanong'ona kuelekea majini:

"Yaya Ruffin, kaka yangu, utusamehe. Ule mutoto si wako."

Tuliporudi, Reine alikuwa ameketi, anaomba bukari, ugali wetu.

Jumatatu ile karatasi ya apple ilirudi ukutani. Sikubisha. Nilisimama mlangoni, Reine kanishika mkono. Tantine akapeleka fimbo kwenye R, penye picha ya sungura, rabbit.

"R ya Ruffin," wakaitika watoto wote, kwa pamoja.

Fimbo ikaanguka.

"Nani aliwafundisha hiyo?"

Reine akaniangalia, anashangaa. Siku ile ya ufukweni hakuwepo, alikuwa nyumbani na mama yake.

"Yaya Vicky, si weye ulimwambia akuje?"

Akanyoosha kidole kwenye benchi la nyuma. Halikuwa na mtu. Lilikuwa limelowa, na juu yake chisense mmoja alikuwa akirukaruka, bado hai.