Yasinta Ajifunza Kusimama Upya

Yasinta, mama yake Erica, alikuwa na ekari moja ya zabibu katika kijiji cha Zuzu, na hakuna aliyelijua shamba lile kama yeye. Kila asubuhi alikunywa uji, akameza dawa zake za kisukari na za shinikizo la damu, akachukua mkasi wa kupogolea na kwenda shambani na mumewe, Yotham. Kisukari alikuwa nacho mwaka wa kumi na mbili sasa. "Nimeshakizoea," alipenda kusema.

Msimu ule mambo yalibadilika. Akiinama kukata matawi, hana shida. Akiinuka tu, macho yanaingia giza na dunia inazunguka. Mara ya kwanza alishika nguzo. Mara ya pili aliketi chini haraka. Mara ya tatu alianguka kifudifudi, mkasi ukamchana kidevu.

Jirani yao, Jenifa, aliliona tukio hilo akipita njiani. Alimsaidia Yotham kumwinua, lakini kufika jioni maneno yalikuwa yameshaenea bombani: "Mama Erica siku hizi anakunywa mvinyo tangu asubuhi!"

Yasinta hakuwahi hata kuonja mvinyo. Maneno yale yalimuuma kuliko kidonda.

"Shamba tulikodishe," Yotham alimwambia. "Sitaki siku moja nikuokote humu umekufa."

"Halikodishwi," Yasinta alijibu. "Kwanza nijue naumwa nini."

Kesho yake walikwenda zahanati. Muuguzi Salma, binti wa Kondoa, aliwapokea.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Watu wanasema nimelewa. Nipime uwaambie."

Salma alicheka kidogo, akamlaza kitandani. Baada ya dakika tano alimpima shinikizo la damu. Kisha akamsimamisha huku amemshika mkono, akampima tena.

"Ukilala, namba ya juu ni mia na arobaini," alisema. "Ukisimama, inashuka hadi mia na tano. Mama, hujalewa. Damu inachelewa kufika kichwani."

"Kwa nini?"

"Kuna mishipa ya fahamu inayofanya kazi bila wewe kuiamuru. Ukisimama, yenyewe inaibana mishipa ya damu ili damu isibaki miguuni. Pia inasukuma chakula tumboni, inaendesha moyo, jasho na kibofu. Sukari ikiwa juu kwa miaka mingi, mishipa hiyo ya fahamu inaharibika."

Yasinta akasema polepole, "Ndiyo maana nikila matonge matatu nashiba, na jioni natapika chakula cha mchana. Hata mkojo siku hizi siusikii vizuri."

"Mbona hukuniambia?" Yotham aliuliza.

"Niliona aibu, baba Erica."

"Nitapona?" Yasinta aliuliza, akimgeukia Salma.

"Sikudanganyi mama. Iliyokwisha kuharibika huenda isirudi kama zamani. Lakini tunaweza kuzuia isizidi, na ukaendelea na kazi zako. Nakuandikia rufaa kwa daktari. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako."

Daktari wa hospitali alimchunguza vizuri, akampunguzia dawa moja iliyokuwa ikishusha shinikizo kupita kiasi. Alimshauri ale kidogo kidogo mara nyingi na anywe maji ya kutosha. "Tena sukari yako inaweza kushuka sana bila kukupa dalili ya jasho wala kutetemeka," alimwambia. "Pima kabla ya kazi, na usitoke bila glukosi mfukoni ya kuipandisha ikishuka."

Salma ndiye aliyemfundisha kusimama. Keti kwanza. Chezesha nyayo na ubane misuli ya miguu. Shika kitu, inuka taratibu. Subiri kabla ya kupiga hatua. Ukisikia kizunguzungu, keti tena.

Haikuwa rahisi kwa mtu aliyezoea kuruka kutoka kitandani jogoo akiwika. Wiki ya kwanza alisahau kila siku. Yotham akawa anapaza sauti kutoka mstari wa pili: "Rudi chini! Anza upya!" Yasinta alinuna, akaketi, akaanza upya. Alinunua kigoda, akawa anapogoa matawi ya chini akiwa ameketi. Mistari aliyokuwa akiimaliza kwa siku moja ilimchukua siku tatu. Lakini aliimaliza yote, na hakuanguka tena.

Mavuno yalipokwisha, wakulima wa zabibu walikutana, na mwenyekiti akamwita Yasinta aeleze habari za shamba lake. Watu wakageuka. Yeye hakuinuka. Alichezesha nyayo, akabana miguu, akashika mgongo wa kiti cha mbele. Minong'ono ikaanza. Akainuka taratibu, akasimama wima, akasubiri.

"Msinishangae," alisema. "Nina kisukari, na hivi ndivyo ninavyosimama. Mwenye kisukari hapa, na akisimama anaona giza, asione aibu. Aende akapimwe."

Nyuma kabisa, Jenifa akanyoosha mkono.

"Mama Erica," alisema kwa sauti ndogo, "kesho utanisindikiza zahanati?"

"Saa mbili asubuhi," Yasinta alijibu. "Na ukitoka kitandani, usikurupuke."