Miguu Kwanza

Kila Jumatano, kipindi cha dini, darasa la sita lilikaa likipiga soga. Mwalimu wa dini alihamishwa mwaka uliopita, na wakubwa waliomhamisha wakasema mwingine yuko njiani. Njia gani hiyo isiyofika, hakuna aliyewauliza. Jumatano moja akasukumwa darasani mwalimu wa hesabu, hana kitabu wala mwongozo.

"Leo ni Uislamu," alisema, akijipangusa chaki. "Kutawadha. Nani Mwislamu humu?"

Ulinyanyuka mkono mmoja tu, wa binti wa mwashi.

"Haya, mtu akitawadha anaanza na nini?"

Binti hakuwa na hakika. Mama yake alifariki kabla hajamfundisha, na baba hurudi jioni amechoka hoi. Ila kila jioni, kabla hajaingia jikoni kupika, alimwona baba akivuta ndoo na kusugua miguu kwanza.

"Miguu," alisema. "Kichwa mwisho."

Mwalimu akaandika ubaoni, wanafunzi arobaini wakanakili. Tangu siku hiyo wakamwita Shehe, naye akatembea kifua mbele.

Jioni ya kuamkia mtihani, alikuwa akimmiminia baba maji.

"Baba, kwa nini unaanza na miguu?"

"Hapa naondoa saruji, mama. Saruji inakula ngozi. Udhu bado."

Kisha akaanza: viganja, mdomo, pua, uso, mikono mpaka viwikoni, akapaka maji kichwani na masikioni. Miguu ikaja mwisho.

Binti akaliona kosa lake. Akamweleza baba yote.

"Kesho kawaambie," baba alisema. "Ningekuja mwenyewe, lakini nikikosa siku moja kazini, nafasi yangu ina mtu."

Asubuhi alibisha ofisini. Walimu walikuwa kikaoni. Alipompata mwalimu wa hesabu, karatasi zilikuwa zimeshagawiwa.

"Mwalimu, nina neno."

"Kwenye mtihani hakuna neno. Kaa."

Swali la nne: katika udhu, kiungo gani huja mwisho? Kalamu za wenzake zilikimbia kuandika kichwa. Aliziona, na hakuwa na la kufanya.

Karatasi zilipokusanywa, binti alisimama. "Siku ile sikujua, nikajifanya najua. Miguu ndiyo ya mwisho."

"Shehe gani wewe?" alisema jirani yake wa dawati. "Si ungenyamaza tu." Darasa likamzomea.

Mwalimu alitafuta karatasi ya binti. "Wewe umeandika miguu. Ungepata peke yako."

"Ndiyo, mwalimu."

Mwalimu alichukua kalamu nyekundu, akalifuta swali la nne kwenye kila karatasi, moja baada ya nyingine, mpaka zomeazomea ikaisha yenyewe.

"Sikilizeni," alisema. "Mwenzenu aliona haya kusema 'sijui', na nyote mkapotea. Lakini haya hiyo ilianza kwangu. Niliambiwa nifundishe nisichokijua, nikaitikia 'sawa'. Usipojua, sema hujui, kisha mtafute anayejua. Jumatano nitakuja na mtu anayeijua dini hii. Nikimkosa, nitakuja kuwaambia nimemkosa."