Malkia wa Ngozi ya Ng'ombe

Harufu ya ngozi mbichi iliingia nyumbani kwa Gentrix mchana wa jua kali, na hapo mtaani Amalemba hakuna jirani aliyekuwa amechinja.

Gentrix alikuwa mchoraji wa vitabu vya shule. Alipoagizwa kuchora malkia wa hadithi za kale walioanzisha miji, alikwenda maktaba ya misheni akapata kitabu kikuukuu chenye picha za malkia hao. Mmoja aliomba ardhi ya kutosha kutandika ngozi moja tu ya ng'ombe. Alipokubaliwa, aliikata ngozi ikawa ukanda mwembamba, akazungushia kilima kizima, waashi wakapandisha kuta. Gentrix aliikata picha hiyo kwa wembe akaenda nayo. Kitabu kilipogunduliwa kimekatwa, aliyefukuzwa kazi ni Selpher, mtunza maktaba. Selpher akilia, Gentrix alimshika mkono, akampa pole, akanyamaza kuhusu picha.

Baada ya harufu zikaja sauti za nyundo ndani ya ukuta, ko, ko, ko. Kisha alasiri moja, bintiye Tracy akiwa amejilaza, Gentrix aliona ukanda wa ngozi, mbichi, unaovuja damu, ukitambaa kutoka chini ya mlango, ukipita kando ya meza, ukizunguka kitanda cha mtoto polepole kama unaopima kiwanja, na kila alipouvuta ulirefuka, na nyundo zikazidi, na mtoto akaanza kuhema kama anayejengewa ukuta kifuani.

"Mama," Tracy alinong'ona, "huyu mama amevaa taji anasema hapa ni kwake."

Jirani alimwita Ustadhi Osundwa kutoka Mumias. Ustadhi alisoma dua mpaka jasho likamtiririka. Ukanda ukanywea, ukatoweka, mtoto akapumua. Ndipo akamuuliza Gentrix kwa upole amechukua nini cha watu. Gentrix akamwonyesha picha.

"Irudishe," alisema. "Lakini mlango ulifunguliwa na kimya chako, na huo siwezi kuufunga mimi."

Kesho yake Gentrix alirudisha picha, akamweleza padri wa misheni yote, kisha akaenda sokoni Khayega, ambako Selpher alikuwa akiuza mboga. Alikiri mbele ya wateja. Selpher aliendelea kufunga mafungu ya mrenda.

"Picha nitasahau," alisema hatimaye. "Ile siku ulinishika mkono, hiyo siwezi."

Nyundo hazikusikika tena. Padri alimwita Selpher arudi kazini, akakataa. Gentrix akipita Khayega humsalimia, na Selpher huitikia kwa adabu, kama mtu anayemwitikia mteja asiyemjua.