Hatua Mia Sita Kutoka Mwambani

Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Kioko alipiga magoti katika chumba alichokaa na wenzake wawili Al Wakrah, Qatar, akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akazungusha namba za kufuli na kulifungua. Nguo zilikuwemo. Biblia ilikuwemo. Bahasha ya kaki ilikuwemo pia, ila ndani yake palikuwa na magazeti yaliyokunjwa vizuri. Hati ya shamba na nakala ya kitambulisho chake hazikuwemo.

Muda mfupi kabla ya hapo mama yake alikuwa amepiga simu kutoka Machakos. Watu watatu walifika shambani na kamba ya kupimia. Walimwambia shamba limeuzwa, kwamba mwenye hati alikwenda mwenyewe mjini tarehe 14 Julai, saa nne asubuhi, akasaini, na kwamba trekta litaingia Jumatatu tarehe 18. Mama huyo ana miaka sabini na mmoja. Nyumba yake iko katikati ya shamba hilo, na kaburi la mumewe liko nyuma ya jikoni.

Utauliza hati ya shamba la Machakos ilikuwa ikitafuta nini Qatar. Ukiuliza hivyo, huwajui wajomba wa Kioko. Aliibeba ili ndugu wasiiuze akiwa mbali, na hayuko peke yake; wako Wakenya wengi hapa Doha wanaolala juu ya hati zao na kuamka wakizipapasa. Hawafikirii kwamba anayelala kitanda cha pili naye ni mtu.

Wakili wa Machakos, ambaye Kioko alimpigia simu, hakupoteza maneno. "Niletee jina la aliyejifanya wewe, na maandishi yake akikiri. Nikiyapata kabla ya Jumatatu, mnunuzi atasimamisha trekta. Bila hayo tutazunguka mahakamani mwaka mzima, na nyumba itakuwa imeshabomolewa."

Kufuli halikuvunjwa. Namba zake walizijua watu wawili tu mbali na Kioko, wenzake wa chumbani: Ronnie, dereva wa gari la mizigo, na Trevor, mpika kahawa wa hoteli moja mjini. Wote wawili ni warefu, na dalali aliyeshughulikia mauzo alikuwa amemwambia wakili kwamba muuzaji alikuwa kijana mrefu mwenye kofia. Wote wawili walikuwa likizoni mwezi Julai. Lakini Ronnie alikwenda Kenya, naye Trevor, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa Alaska.

Kwa hiyo kufikia jioni Wakenya wa jengo zima walikuwa wameshamhukumu Ronnie. Kioko alitaka Ijumaa, baada ya ibada, ampeleke polisi. Ila kwanza alipitia kwa Cherotich.

Cherotich hukaa saa kumi na mbili kila siku mbele ya skrini ishirini na nne za kamera za usalama katika duka kubwa la Al Wakrah. Kazi yake ni kutazama picha zisizobadilika hadi zibadilike. Kikapu kikisogezwa kiganja kimoja, yeye huona. Hana maneno mengi, na hana subira na watu wanaopiga kelele.

"Kioko, kaa chini," alisema. "Mama atabomolewa Jumatatu ukimshika mtu ambaye siye. Umeshafikiria hilo?"

"Sasa nifanyeje, sister?"

"Niletee wote wawili. Mmoja mmoja."

Walionana Jumatano, tarehe 13, katika chumba cha nyuma cha mkahawa mdogo wa Kikenya ulio karibu na jengo lao. Nje joto lilikuwa nyuzi arobaini na nne na kiyoyozi kilikuwa kinahema. Ronnie aliingia saa kumi na moja jioni, akatupa pasipoti yake mezani kabla hajaulizwa.

Cherotich aliifungua. Ronnie aliingia Nairobi tarehe 9 Julai, akatoka tarehe 23.

"Tarehe 14, saa nne asubuhi, ulikuwa wapi?"

"Nairobi."

"Nairobi wapi?"

Ronnie alitazama mlango. "Si lazima niseme."

"Kuna mama atalala nje Jumatatu. Sema."

"Nilikuwa kwenye usaili, sister. Kazi ya Poland. Boss wangu akisikia nataka kutoka, khalas, nimekwisha. Na wale maajenti hawakunipa hata karatasi."

"Una shahidi?"

"Mungu."

"Huyo hatashuka Jumatatu," alisema Cherotich, lakini aliisema kwa upole. Mtu anayetunga uongo, aliwaza, angalau hutafuta shahidi anayepatikana.

Trevor alifika saa moja jioni akiwa bado na harufu ya kahawa. Alikuwa mchangamfu, na alimpa Kioko pole kabla ya kukaa.

"Pasipoti yako?"

"Nimeipeleka kubadilishwa, sister. Inaisha Oktoba. Lakini picha unayo, si ndiyo? Niliweka status."

Cherotich alikuwa nayo. Tarehe 14 Julai, saa tano na dakika tano usiku saa za Doha, Trevor alikuwa ameweka picha: yeye katika koti jekundu, kiganja juu ya mwamba mweusi uliokatwa na mkanda mweupe, na nyuma yake ukuta wa barafu umeulalia mwamba ule. Cherotich alihesabu. Alaska iko nyuma ya Doha kwa saa kumi na moja, kwa hiyo huko ilikuwa saa sita na dakika tano mchana. Mwanga wa pichani ulikuwa wa mchana. Mpaka hapo hapakuwa na kasoro. Tarehe ya kupigwa haikuonekana, maana picha ikishapita WhatsApp huvuliwa hiyo.

"Nieleze ulifikaje pale."

Trevor aliangaza uso. Kabla ya Doha alikuwa mhudumu kwenye meli za watalii, na alisema meli yake ya zamani ilikuwa imemwita kushika zamu ya wiki mbili. "Sister, meli ikitia nanga bandarini, watalii wanauziwa safari ya barafu kwa bei ya kukuua. Sisi wafanyakazi tuna saa tano tu na mfuko mtupu. Basi unafanya ujanja. Unapanda basi la mji, dola mbili. Unabeba mkate na mayai ya kantini. Kituo cha mwisho unashuka, unatembea."

"Na ukifika?"

Sauti yake ilishuka. "Ukifika unanyamaza. Ni mto mzima umeganda, unashuka mlimani. Niliigusa kwa mkono huu. Nililia, wallah, na sikujua ninalilia nini."

Cherotich alimwamini. Hilo ndilo lililomsumbua usiku kucha. Mtu huyu alikuwa amefika pale kweli, alipanda lile basi na kuigusa barafu, na bado kuna kitu hakikukaa sawa. Alfajiri alimtumia picha ile Bella, binamu yake, anayefua nguo kwenye meli ya watalii inayozunguka Alaska majira haya, akamuuliza kama anapajua pale.

Jibu la Bella lilikuja wakati wa chai. "Huo mwamba naujua. Tunatia nanga hapo Ijumaa asubuhi. Nipigie nikuonyeshe mwenyewe, nikikuambia hutaamini."

Ijumaa, tarehe 15 Agosti, saa moja na nusu jioni, walikuwa wanne katika chumba kile cha nyuma: Cherotich, Kioko, Ronnie na Trevor. Ronnie na Kioko hawakusalimiana. Cherotich aliunganisha simu yake na televisheni ya ukutani.

"Trevor, nisaidie," alisema. "Binamu yangu yuko bandarini Alaska, kule ni saa mbili na nusu asubuhi, ameshuka na dola kumi tu. Hawezi kulipia ile safari ya watalii. Wewe unaijua njia. Muelekeze, halafu tumalize haya ya Kioko."

Trevor alisogeza kiti mbele. Alipenda mno kuieleza safari ile asione mtego. Kwenye skrini alitokea Bella, amevaa buti za kuazima na kofia ya sufu.

"Dada, usifuate wale wenye vibao. Pita kushoto, kituo kiko mbele ya maktaba."

"Nimeshapita hapo, kaka. Niko kituo cha mwisho tayari."

"Safi sana! Sasa tembea mpaka daraja la mbao, ukate kulia. Msitu ukiisha utauona mwamba mweusi wenye mkanda mweupe."

Walitembea naye. Miti mikubwa yenye kuvu la kijani ilipita kwenye televisheni ya Al Wakrah, na maji ya daraja yalinguruma. Kioko, ambaye hakutaka kutazama, alitazama. Kila alichosema Trevor kilitokea mahali pake, na Ronnie alizidi kujikunja kitini.

"Nimefika mwambani," alisema Bella. Mkanda mweupe ulionekana wazi.

"Haya! Geuka nyuma yake. Barafu iko hapo hapo, imeuegemea. Iguse!"

Bella aligeuza simu. Nyuma ya mwamba palikuwa na kokoto. Zaidi ya kokoto palikuwa na vichaka, miti michanga yenye kimo cha mtoto, na kijito. Barafu haikuwepo.

"Umekosea mwamba," alisema Trevor.

"Mwamba ni huu, kaka. Na kuna kibao hapa. Ngoja nisogee." Kibao kilijaa kwenye skrini. Kilikuwa na mwaka mmoja tu, 2018, na Bella akatafsiri maandishi ya chini yake: barafu ilikomea hapa.

Ronnie aliinua kichwa. Kiyoyozi kilihema.

"Bella, tembea mpaka uikute," alisema Cherotich. "Hesabu hatua."

Bella alitembea. Alipita kibao cha 2020, kisha cha 2022. Alikuwa akihesabu kwa sauti, akapumzika, akahesabu tena. "Mia sita na kumi na mbili," alisema mwishoni, halafu akainua simu juu, naye akanyamaza.

Nitasema ukweli: kwa dakika mbili hivi watu wale wanne walisahau kilichowaleta. Ukuta ulisimama mbele yao, mrefu kupita ghorofa sita, na rangi yake ilikuwa buluu ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwenye kitu chochote. Watalii watatu waliosimama upande walionekana wadogo kama punje za mchele. Ndani ya barafu kitu kilipasuka, mlio mzito na wa mbali, kama mtu anayejigeuza kitandani nyumba ya pili, na Kioko akashika meza.

"Imesikika huko?" Bella alinong'ona. "Wanasema hii imekuwepo kabla hatujawa na majina. Naogopa hata kukohoa."

Trevor alikuwa amesimama. Machozi yalikuwa yakimtoka, na hayakuwa ya hofu peke yake. "Imeenda mbali hivyo," alisema. "Ilikuwa hapa. Niliigusa."

"Uliigusa," alisema Cherotich. "Kila ulichoniambia Jumatano kilikuwa kweli, isipokuwa tarehe. Uliigusa mwaka 2018, ulipokuwa kwenye meli. Picha ukaitunza. Tarehe 14 Julai ukaiweka status saa ambayo kule ni mchana, nawe ukiwa Machakos umeshasaini. Ndiyo maana pasipoti yako haionekani. Ina mhuri wa Nairobi."

"Ni mlima, sister," alisema Trevor. "Nani angejua mlima utahama?"

Kioko aliruka. Ronnie, yule aliyetukanwa siku tatu, ndiye aliyemdaka kiunoni na kumrudisha kitini.

"Kwa nini?" Kioko alipiga kelele. "Tumekula sahani moja miaka mitatu! Kwa nini mama yangu?"

Trevor alikaa. Alizungumza akiwa ameinama. Mwaka ule ule wa 2018, akiwa baharini, wajomba zake waliuza shamba lao. Mama yake alihamia chumba cha kupanga Nakuru, akafia humo, na manispaa ikamzika. Meli ilikuwa Alaska. Hakuna aliyempata kwa simu. "Nilitaka kipande changu tu," alisema. "Popote. Nimhamishe alale kwake. Dalali akaniambia nikipata hati yoyote safi, atanifanyia mpango. Na wewe ulikuwa ukituonyesha yako kila Krismasi, Kioko."

"Ukataka kumhamisha wako kwa kumfukuza wangu."

"Ndiyo," alisema Trevor. Hakujitetea zaidi.

Cherotich alimpa karatasi na kalamu. Trevor aliandika kurasa mbili: jina lake, jina la dalali, ofisi, siku na saa. Saa mbili na dakika arobaini usiku Kioko alizipiga picha na kumtumia wakili. Wakili alijibu baada ya dakika tisa: imetosha, mnunuzi amekubali kusimama, hati itarudi kwa njia ya polisi. Kioko alimgeukia Ronnie amwombe radhi. Ronnie akampiga bega, akamwambia, "Mpigie mathe kwanza."

Alimpigia, akaweka sauti ya wazi.

"Mama, trekta haliji. Limesimamishwa."

Upande wa pili mama akasikika akimshukuru Mungu kwa Kikamba, polepole, kwa majina yake yote.

"Alikuwa nani?" aliuliza.

"Trevor, mama. Tunayekaa naye."

"Aliyenisalimia Krismasi?"

"Huyo huyo."

"Alitaka nini?"

Kioko alimweleza, kwa ufupi na kwa uchungu. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho.

"Mpe simu. Toa hiyo sauti ya wote."

Trevor aliipokea kwa mikono miwili. Waliokuwepo walisikia majibu yake tu. "Ndiyo, mama." Kisha, "Nakuru." Kisha, baada ya muda, "Hapana, mama, sijawahi kurudi. Kaburi namba mia mbili na kumi na nne." Alirudisha simu bila kuinua macho, akafunika uso wake kwa mikono.

"Umemwambia nini?" Kioko alimuuliza mama yake.

"Nimemuuliza mama yake amelala wapi," alisema mama. "Wewe mpeleke polisi, mwanangu, amekosa sana. Mimi nitapanda basi niende Nakuru nikamng'olee magugu kaburini, maana huyo mama hakuniibia kitu."