Hodi Tatu Chumba Namba Tano

Bi Funguo alikuwa anafagia ukumbi alipoliona bango jipya. Rangi yake ilikuwa bado inanata. Lilisema: HII NI NYUMBA YA WAGENI YENYE MAADILI. MARUFUKU KUSAHAU DINI. Alisimama na ufagio wake, akalisoma mara mbili, akashusha pumzi. Lilikuwa bango la kumi na moja tangu mwezi uanze.

Watu wa mtaa walimwita Bi Funguo kwa sababu ya funguo alizoning'iniza kiunoni. Nyumba yake ya wageni ilikuwa na vyumba vinane, na yeye alibeba funguo za akiba za vyumba vyote, pamoja na za jiko na za stoo. Akitembea, unamsikia kabla hujamwona. Mumewe walimwita Bwana Bango, na sababu yake kila mtu aliiona ukutani.

Nyumba ilikuwa ya marehemu mama yake Bi Funguo. Mama alianza na vyumba viwili, akaongeza kimoja kimoja mpaka vikafika vinane. Tangu afariki, wageni walikuwa wanapungua. Ndipo Bwana Bango aliposikia kwamba siku hizi familia nyingi zinatafuta nyumba za wageni zinazofuata maadili ya Kiislamu. Hilo lilikuwa kweli kabisa. Tatizo ni kwamba yeye aliposikia neno maadili, alikwenda dukani kununua rangi.

Getini aliandika KARIBU MGENI kwa herufi kubwa kuliko mlango. Nyuma ya kila mlango alibandika orodha ya mambo kumi na mawili yaliyo marufuku. Karibu na choo cha ukumbini alifunga spika, ikawa inatoa kisomo cha Qur'ani kutwa nzima. Halafu alimwita mchoraji, akachora ukutani mwa kila chumba mshale wa kijani wa kuonyesha kibla. Bi Funguo alisema mpaka akachoka. Alimwambia kwamba mabomba ya vyoo viwili hayatoi maji, na kwamba mgeni akienda chooni anatafuta maji, hatafuti maandishi. Mumewe alijibu kwamba mabomba yatafuata.

Jumatatu hiyo asubuhi mambo yaliharibika. Katika chumba namba nne alikuwa amelala mama mmoja mtu mzima, mratibu wa mafunzo ya wakunga. Alikuwa anatafuta nyumba ya kuwaweka wanafunzi wake kumi na sita, wote wanawake, kwa mwaka mzima. Vyumba vinane, wawili wawili. Walionekana kama wameletwa na Mungu. Lakini mratibu aliondoka bila kunywa chai. Alisema kwa adabu tu kwamba anakwenda kuangalia nyumba nyingine, na kwamba Alhamisi atapita tena mjini awape jibu.

"Hatarudi," alisema Bwana Bango. "Na asiporudi, mimi nimeshazungumza na yule muuza saruji. Anataka ghala."

Bi Funguo alimwacha hapo hapo. Aliingia chumba namba moja, chumba alichozaliwa yeye, akakaa kitandani. Akilini aliiona mifuko ya saruji imepangwa mpaka dirishani. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kisha akainuka kwenda kubadilisha mashuka.

Adhuhuri ilipokaribia, mgeni aliingia na mkoba wake. Bwana Bango alikuwa kwenye meza ya mapokezi, ameinama, anachora herufi za bango la kumi na mbili. Hakuinua kichwa.

"Jaza fomu kwanza," alisema.

"Nijaze fomu mimi niliyekubeba mgongoni?"

Kalamu ilimwanguka. Alikuwa shangazi yake, dada wa marehemu baba yake. Bwana Bango hakuwa anamwogopa mtu duniani isipokuwa huyo. Shangazi alikuwa amefanya kazi miaka thelathini katika hoteli kubwa, na alistaafu akiwa msimamizi wa vyumba vyote. Macho yake yalikuwa yanaona vumbi kabla halijatua. Bwana Bango alimpa shikamoo mbili kwa mpigo, akampokea mkoba, akampeleka chumba namba nne. Alimwonyesha mshale kwa fahari.

Shangazi alitia udhu kwa maji ya ndoo, maana bomba halikutoa hata tone. Aliswali. Alipotoka alitaka kuona vyumba vingine, kama mazoea ya kazi yake yalivyokuwa. Akaingia namba tano, ng'ambo ya ukumbi. Akautazama mshale wa humo. Akarudi namba nne. Akatoka tena, akaita kwa sauti ya chini sana, na hiyo ndiyo sauti yake ya hatari.

"Hebu njooni hapa wote wawili. Nyumba hii ina kibla ngapi?"

Hapo ndipo mambo yalipojulikana. Bwana Bango alikuwa amepima kibla kwa dira katika chumba namba moja peke yake. Akaona mshale unakaa ukuta wa kushoto ukiingia. Basi akamwambia mchoraji kila chumba achore ukuta wa kushoto ukiingia. Lakini vyumba vilikuwa vinatazamana. Vinne upande huu wa ukumbi, vinne upande ule. Kushoto kwa huku ni kulia kwa kule. Kwa hiyo kwa mwezi mzima nusu ya wageni waliswali kuelekea kibla, na nusu waliswali wakiwa wameipa mgongo.

Bi Funguo alikaa chini pale pale sakafuni. Hakujua acheke au apige kelele. Bwana Bango alikuwa amekodoa macho, anageuza mikono yake, huu wa kushoto, huu wa kulia, na jasho linamtoka.

"Shangazi, swala za watu zitakuwaje?" aliuliza.

"Mgeni amejitahidi, amefuata alichoonyeshwa. Hana kosa," alisema shangazi. "Wewe ndiye uliyeandika kitu ukutani bila kuhakikisha. Uaminifu ni dini pia. Usimwambie mgeni jambo usilolijua."

Kisha akaanza kuwatembeza ndani ya nyumba yao wenyewe kama wageni. Alisimama kwenye spika. Alieleza kwamba Qur'ani ikisomwa, watu tunaamrishwa tusikilize na tunyamaze. Sasa hapa watu wanapita wakigombana juu ya sabuni, na mtu anajisaidia hatua mbili kutoka kwenye spika. Hiyo si heshima. Akaizima. Alifika kwenye ile orodha ya marufuku, akasema kwamba mgeni asiye Mwislamu naye ni mgeni. Aambiwe kwa upole anapofika kwamba humu pombe haitumiki na nyama ya nguruwe haipikwi, kisha aachwe kwa amani. Hakuna haja ya kumkaripia kwa wino mwekundu anapofunga mlango.

Getini ndipo aliposimama muda mrefu. Alimwuliza Bi Funguo mgeni akifika kwa marehemu mama yake aliulizwa nini kwanza.

Bi Funguo alifikiri. "Hakuulizwa kitu. Alisalimiwa, akapewa kiti na maji. Mama alikuwa anasema habari ya safari ina wakati wake."

"Basi hiyo ndiyo hoteli yenu. Mama yako aliijua bila bango. Adabu ya nyumbani na ya dini zilikuwa kitu kimoja mkononi mwake. Nyinyi mmeandika KARIBU getini, na mimi nimeingia hakuna aliyenikaribisha."

Bi Funguo alimtazama mumewe kwa jicho la nimekwambia. Moyoni alikuwa amejaa raha. Mwezi mzima alikuwa anasema, na sasa kulikuwa na shahidi mwenye sauti. Akalalamika yote aliyokuwa nayo: rangi kwenye mashuka, misumari ukutani, mratibu aliyekimbia bila chai. Alisema nyumba ya mama yake inakwenda kuwa ghala kwa sababu ya mabango ya mtu mmoja.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwuliza kama amempigia mratibu simu kumwuliza kilichomkera.

Hakuwa amempigia. Alipiga hapo hapo, akaiweka simu kwa sauti ya juu wasikie wote, maana alitaka mumewe asikie mwenyewe. Mratibu aliitika vizuri. Alisema mabango ni mengi, ndiyo, na yanachosha macho. Bomba halikuwa na maji, akachota ndoo. Hayo yanarekebishika.

"Lakini mama, nikwambie kweli kwa kuwa umeuliza," alisema. "Asubuhi nilikuwa natoka kuoga. Ulisema hodi na ufunguo tayari unazunguka mlangoni. Ulinikuta kichwa wazi, nimejifunga taulo. Na nyuma yako alikuwa mumeo amebeba kiti. Mimi nitawaletaje mabinti wa watu hapo?"

Bi Funguo aliona uso unamuwaka. Alilikumbuka vizuri jambo lenyewe. Alikuwa ameingia, akasema samahani, akaweka chai mezani, akatoka, akaendelea na kazi zake. Hata hakulihesabu. Ndivyo alivyoingia kila chumba kila siku, kwa miaka. Nyumba ni yake, funguo ni zake, na kazi ni nyingi. Alimwomba mratibu radhi, mara hii kwa moyo. Mratibu alimsamehe, lakini hakuahidi kitu.

Simu ilipokatika, alisubiri mumewe acheke. Bwana Bango hakucheka. Alikuwa anatazama miguu yake, maana na yeye alikuwa na kiti asubuhi ile.

Shangazi aliwaambia wakae. Aliwaeleza pole pole. Chumba ukishampa mgeni, ni nyumba yake mpaka atakapoondoka, hata kama kuta ni zako. Na Qur'ani imetukataza kuingia nyumba za watu mpaka tupate ruhusa na tuwasalimu wenyewe. Mtume ametufundisha tubishe hodi mara tatu, na tusipojibiwa turudi. Turudi bila kununa.

"Piga hodi, sema salamu, ngoja," alisema. "Usisimame mkabala na mlango, kaa ubavuni, ukifunguliwa usimwone mtu wa ndani kabla hajawa tayari. Hodi ya pili, ngoja. Hodi ya tatu, ngoja. Kimya? Ondoka na trei yako."

"Na chai ikipoa?" aliuliza Bi Funguo.

"Utapasha."

Siku mbili zilizofuata nyumba haikulala kwa kazi. Fundi alitengeneza mabomba, na kila choo kikawekwa kopo safi la maji. Bwana Bango alizunguka na dira kila chumba, akapima, akapima tena, kisha akamwita imamu wa msikiti wa jirani ahakikishe. Mishale minne ilipakwa rangi na kuchorwa upya. Mikeka ya kuswalia ilifuliwa, ikakunjwa kabatini. Mabango yaliondolewa yote isipokuwa la getini. Ilikubaliwa kwamba wageni wanawake watahudumiwa na wanawake, na kwamba mpishi na mfuaji watapishana ili kila mmoja apate nafasi ya kuswali kwa wakati. Vilevile Bwana Bango aliwapigia simu wageni aliokuwa na namba zao, mmoja mmoja, kuungama habari ya mshale. Wengine walimcheka. Mmoja alimkatia simu. Aliendelea kupiga mpaka akamaliza, na Bi Funguo, aliyekuwa jikoni anamsikia, alimpelekea maji ya kunywa bila kuombwa.

Alhamisi mchana mratibu alikuja. Bwana Bango alisimama, akatoka mezani, akamsalimu. Akampa kiti na maji. Fomu ilikaa kwenye droo. Mratibu alisema amechoka na safari na angependa kupumzika kidogo kabla ya kutoa jibu. Wakampa chumba namba tano.

Baada ya muda Bi Funguo alimfuata na trei ya chai. Alisimama ubavuni mwa mlango. Akabisha, akasema salamu. Kimya. Akangoja. Akabisha tena. Kimya. Mkono wake wa kulia ulishuka wenyewe kiunoni, ukagusa ufunguo namba tano. Labda mama wa watu ameanguka. Labda amelala na chai inapoa. Labda hajapenda chumba na ataondoka tena bila kunywa kitu. Mwaka mzima wa wageni ulikuwa nyuma ya mlango ule, na ufunguo wake ulikuwa mkononi. Akauachia. Akabisha mara ya tatu, akangoja, kisha akageuka, akarudi jikoni na trei yake.

Mumewe alimwuliza mratibu amesemaje. Alimjibu kwa ukali kwamba hajasema kitu, na kwamba asimsumbue.

Dakika kumi zilipita. Mratibu alitoka chumbani, akaja akavuta kiti jikoni kama mtu wa nyumbani.

"Nilikuwa naswali," alisema. "Nilikusikia mara zote tatu. Nimekaa pale chini nasubiri kusikia funguo."

"Nimerudi na trei," alisema Bi Funguo.

"Nimesikia ukirudi. Hiyo chai bado ipo?"

Bi Funguo aliipasha. Walipokuwa wanakunywa, mratibu alisema mabinti zake watafika mwanzo wa mwezi, kumi na sita, na kwamba mmoja wao ana mtoto anayenyonya. Bi Funguo alitaka kusema jambo la maana. Badala yake alilia ndani ya kikombe, na shangazi akampa leso bila kumtazama.

Jioni hiyo alizivua funguo za vyumba vyote vinane kiunoni mwake, akazitundika kwenye kabati la mapokezi, zitolewe kwa dharura tu. Alipotembea ukumbini hakuna aliyemsikia. Hata yeye alijiona mgeni.

Mumewe alikuwa amesimama mbele ya ukuta mweupe, kopo la rangi mkono mmoja, brashi mkono wa pili. Alisema amepata wazo. Bango moja tu, dogo, lenye maneno: HAPA TUNABISHA HODI.

Bi Funguo hakugombana. Alimpokea kopo, akampokea brashi, akaviweka stoo, akafunga mlango. Ufunguo wa stoo akaufunga kiunoni, peke yake.