Uso Uliokwanguliwa

Digrii yangu ya historia imepata kazi moja tu mpaka leo: kumsomea mjomba herufi za Kigiriki. Maofisini wanataka experience. Mjomba anataka macho. Basi kila nikikataliwa na watu wa suti, naenda kwake kunywa chai.

Mjomba alikuwa fundi wa meno bandia. Alipostaafu, vifaa vyake vikahamia kwenye sarafu za shaba za majimbo ya Roma ya kale, zile zilizogongwa kwa maandishi ya Kigiriki na miji iliyotawaliwa: upande mmoja kichwa cha mtawala, upande wa pili mungu wa wenyeji. Huziloweka majini wiki nzima nzima, kisha huchokoa tope kwa kijiti, taratibu kama anayemlisha mgonjwa.

Mchana mmoja wa jua kali alinisukumia moja. Upande wa kichwa hakukuwa na kichwa. Mikwaruzo tu, imekatizana.

"Mjomba, hii haijachakaa. Imekwanguliwa makusudi. Mtawala akilaaniwa na Roma, mji uliamriwa umfute uso mpaka kwenye sarafu. Iache ilivyo."

"Msomi amenena," akasema. "Mpwa wangu, hili tope. Nimechokonoa vinywa vya watu maisha yangu yote, shaba ndiyo initishe?"

Akaanza kuchokoa.

Sasa, shaba ikishakwanguliwa imeondoka. Hakuna cha kurudi. Hata jobless kama mimi anajua hilo. Lakini ilitokea pua. Halafu kidevu.

Nilipokwenda tena, simu yake ilikuwa imegoma kumtambua sura. "Ulinunua feki, mjomba," nikamtania. Akaendelea kuchokoa. Sarafuni lilikuwa limebaki jicho tu kutokea.

Mkewe akaingia na chai. Akaweka kikombe mbele ya mumewe, akasema kwa adabu, "Karibu, mgeni." Kisha akaniinamia sikioni.

"Mjomba wako katoka saa ngapi? Na huyu umemleta wewe?"

Akatoka kumtafuta. Nilidhani utani wa wazee. Nikageuka ili nicheke na mjomba.

Macho yangu yakateleza usoni mwake. Niliona shati lake. Niliona vidole vyake. Juu ya kola palikuwa na uso, naapa. Ila nikipepesa tu, nimeusahau.

"Mjomba, acha."

Hakuacha.

Jicho likatokea. Lilikuwa na unyevu.

Nikampokonya sarafu. Mashine yake ya kusagia meno ilikuwa mezani. Nikaiwasha. Nikasaga pua. Nikasaga kidevu. Nikasaga jicho. Mjomba alishika ukingo wa meza, vidole vikawa vyeupe.

Nikazima.

"Kumbe umo humu humu, baba watoto?" mkewe akasema mlangoni. "Nakutafuta nyumba nzima. Chai inapoa."

Nikainua macho. Alikuwa yeye. Pua ile ile ya ukoo wetu, inayomtangulia mwenyewe kuingia mlangoni. Nilitaka kumkumbatia. Ndipo nikaona makovu. Makavu, ya zamani, yamekatizana kutoka paji la uso mpaka kidevuni.

"Anti," nikanong'ona, "amefanya nini usoni?"

"Nani, huyu?" Akamtilia sukari, akakoroga. "Si makovu haya alinioa nayo."

Mjomba akatoa leso nyeupe, akajifuta shavu, akaikunja haraka. Nilikuwa nimeshaona.

Ilikuwa na kutu ya kijani, kama ya shaba ya kale.