Jirani wa Upande wa Bahari

Jumanne ile, saa nne asubuhi, mpima ardhi alifika nyumbani kwa mama yake na fomu kwapani, na mama yake, kama kawaida, akamkalisha anywe chai kwanza. Kazi ya serikali ingesubiri.

Kitongoji chao kiliwahi kuwa na mitaa mitatu iliyofuatana na ufuo. Mtaa wa Kwanza ulimezwa na bahari kabla mpima hajazaliwa. Wa Pili ukaondoka kwa usiku mmoja, mama akiwa bibi harusi wa juzijuzi. Sasa Mtaa wa Tatu ndio uliokuwa ukirushiwa povu madirishani, na idara ya ramani ilikuwa imeshatoa amri: nyumba isiyo na jirani upande wa bahari ivunjwe, mwenyewe ahamishwe.

"Mimi humu nitatoka nimebebwa," mama alikuwa ameapa. Mpima alimjua mama yake. Hata kwenda kulala kwa dada yake siku mbili ilikuwa kesi. Kumhamisha kungemuua, na wazo hilo lilimnyima mpima raha.

Kwenye fomu, mstari wa kuogopwa ulikuwa mmoja tu: jirani upande wa bahari, jina na sahihi.

"Andika fundi saa wa Mtaa wa Pili," mama akatania. "Tulipakana naye ukuta kwa ukuta. Mkewe alikuwa mchoyo wa chumvi yule! Leo anayo bahari nzima."

Wakacheka. Mpima akaandika. Kisha akahamishia kalamu mkono wa kushoto, akatia sahihi.

Mama akaacha kucheka. "Umemwandika kweli? Yule alikufa maji, mwanangu. Hata kuzikwa hakuzikwa."

"Ni karatasi tu, mama."

Idara ikagonga muhuri, nyumba ikapona. Ofisini kwao, jirani akishaandikwa, hakuna aliyekwenda kumtazama.

Ijumaa mchana mpima akapita kumjulia hali mama yake. Jua lilikuwa kali. Alimkuta kitandani, amejifunika shuka mpaka kidevuni.

"Rudishia mlango," mama alinong'ona. "Polepole. Atasikia."

"Nani?"

"Jirani. Anabisha tangu asubuhi, huko nyuma."

Nyuma ya nyumba palikuwa na hatua tatu za mchanga, kisha maji. Mpima akaufungua mlango. Hapakuwa na mtu. Ila mbao zilikuwa zimelowa, tena mahali pamoja tu, usawa wa kifua, pale ngumi inapogonga.

"Anataka nini?"

Mama akavuta shuka hadi puani. "Anasema ile si sahihi yake."

Mpima alikimbia ofisini aifute ile fomu, hata kama kazi ingeota mbawa. Karani wa masjala akamshangaa.

"Mbona mzee mwenyewe ameshakuja? Katoka sasa hivi, amelowa chapachapa. Kaikata ile sahihi, katia yake." Karani akashusha sauti. "Halafu akaomba fomu nyingine, ya nyumba yake."

Mpima akaipokea. Karatasi ilikuwa baridi. Nyumba: Mtaa wa Pili. Wakazi: fundi saa. Mkewe. Wa tatu, kwa wino ambao haujakauka, alikuwa mama yake.

Alirudi mbio. Shuka lilikuwa na joto bado. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Majirani wakaja, wakatafuta hadi jioni. Hakuna. Alilia pale mchangani kama mtoto, akiulaani mkono wake.

Jumapili maji yalikupwa kuliko walivyowahi kuona. Misingi ya Mtaa wa Pili ikajitokeza, yote imefunikwa na mwani. Isipokuwa mmoja. Kizingiti chake kilikuwa kimesuguliwa mpaka jiwe likawa jeupe, na mbele yake mchanga ulikuwa umefagiliwa kwa nusuduara ndogondogo, kutoka mlangoni kwenda nje, vile vile mama yake alivyofagia maisha yake yote.

Nyayo za aliyefagia hazikuwapo.